Nilitoa 3B nikaweka 1HZ kwenye pikapu ya BJ75: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoa injini ya 3B kwenye Land Cruiser pikapu ya zamani na kuweka 1HZ, na kama fundi wako anayesema "kazi ya siku tatu" anasema kweli. Kufaa inafaa. Siku tatu sahau. Langu lilikaa gereji wiki saba, na mbili kati ya hizo ni kwa ujinga wangu mwenyewe.

Gari ni BJ75 ya mwaka 1987, nililiachiwa na baba mdogo. Linabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa mjini. Anayeijua barabara hiyo keshaelewa tatizo, maana katikati upo mlima Kitonga. 3B ni injini ya heshima: silinda nne, cc 3431, taimingi ya gia isiyo na mkanda, ukiipa oili safi inaweza ikakuzika wewe. Lakini haifikishi nguvu ya farasi 100. Ukiipakia gunia zako vizuri, Kitonga unaipanda na gia namba mbili huku semi zinakupigia honi nyuma. Na yangu ilishaanza kula oili, kwa hiyo ilikuwa ama ovaholi ama kubadili.

Kwa nini 1HZ? Nililetewa injini nyingine ya Toyota, 1KZ-TE, kwa bei ya kuvutia, nikakataa. Ina taabo (turbo, ile inayosukumia injini hewa zaidi) na nguvu, lakini pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta, na silinda hedi zake, yaani kichwa cha injini, kila fundi ana hadithi nazo. Mimi nikizimikiwa njiani pale Mahenge saa nane usiku nataka kitu anachokijua fundi wa baiskeli. 1HZ haina taabo wala kompyuta. Ni cc 4163, silinda sita, kama farasi 130, na pampu ya kawaida ya dizeli. Tena Toyota wenyewe walikuja kuifunga kwenye HZJ75, ndugu wa gari lako, kuanzia 1990, wakatumia gia boksi ileile ya H55F. Kwa hiyo kama BJ75 yako ina H55F ya gia tano, gia boksi, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) na difu (boksi la gia katikati ya akseli) vinabaki mahali pake. Injini ndiyo inasogea mbele, kwa sababu silinda sita ni ndefu.

Ila gia boksi kubaki haina maana kwamba injini inaingia tu. Belihauzi, ile nyumba ya klachi, ya 3B haishiki kwenye 1HZ. Unahitaji belihauzi ya 1HZ, flaiwili yake (gurudumu zito la nyuma ya injini), pleti ya klachi na presha pleti inayoikandamiza. Kabla hujalipia pleti ya klachi hesabu meno ya shafti ya gia boksi yako mwenyewe, usihesabu ya mtu. Mimi nilinunua kwa kukariri, nikarudi dukani siku ya pili na uso wa aibu.

Sasa ujinga wangu mkubwa. Injini nilinunua Dar, mtumba, na sikuuliza imetoka kwenye gari gani. Ilikuwa ya basi la Coaster. 1HZ ni 1HZ, nilijiambia. Block ni ileile, kweli, lakini vilivyoizunguka si vilevile. Sampo ya basi, lile beseni la oili chini ya injini, haina habari na akseli ya mbele yenye difu. Tulipoishusha tu, sampo ikakaa juu ya difu kama kuku anaatamia. Ikabidi kutafuta sampo ya Land Cruiser, na hapa sikiliza vizuri: ukibadili sampo, badili na bomba la kunyonyea oili lililo ndani yake. Fundi wangu alitaka kulikunja la zamani "lifike". Bomba likinyonya hewa kwenye mlima mkali, beringi zako zimekwisha kabla taa ya oili haijakukonyeza. Nilikataa, tukasubiri siku tisa hadi likapatikana.

Halafu umeme. Injini ile ilikuja na staata ya volti 24, gari langu ni volti 12. Ukiiwasha inazunguka kizembe kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na fundi wa umeme akanimalizia betri nzima akidhani ni waya za hovyo. Soma kibao kwenye staata kabla ya kulaumu waya. Angalia na hita plagi zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha, na ile soleno (swichi ya umeme) ya kukata mafuta kwenye pampu, nazo ziwe za volti za gari lako. Hiyo soleno ndiyo raha ya 1HZ: ukishaipa waya mmoja wenye moto wa swichi, injini inawaka na kuzimika kwa ufunguo.

Pia ukumbuke bomba la vakyumu la breki, ule mvuto wa hewa unaolainisha pedali. Dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye manifodi (njia ya hewa ya injini), hivyo inategemea pampu ya vakyumu. Jaribu breki uwanjani kwanza. Mwenzangu mmoja aligundua teremkoni kwamba bomba halijafungwa; yuko hai, lakini ukuta wa jirani hauko.

Kuchemsha ndiko kulikonifundisha zaidi. Mjini gari lilikuwa asali. Nikapakia, nikaingia Kitonga na gia namba tatu, najisikia mfalme. Kabla sijafika juu mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Nilipaki pembeni, nikaiacha injini inanguruma taratibu hadi ikashuka (usiizime ghafla, na usifungue kifuniko cha rejeta, utaungua uso). Tukabadili thamostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, haikusaidia. Tukaosha rejeta ya 3B, ikasaidia kidogo. Kumbe makosa yalikuwa matatu kwa pamoja. Rejeta ya silinda nne ilikuwa ndogo kwa kazi mpya. Feni haikuwa na kava, kwa hiyo ilikuwa inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Na klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini ikipata moto, ilikuwa imekufa. Kuijua ni rahisi: injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, imekwisha. Inatakiwa iwe nzito. Nikaweka rejeta ya HZJ75, kava lake na klachi mpya, na tangu hapo mshale haujapita nusu. 1HZ ikichemshwa mara mbili tatu hedi hupasuka katikati ya vali, na hapo utalia. Ndiyo maana hata ukiwa bado dukani, dai hedi ipimwe kwa presha kabla ya kutoa hela. Na fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikitoa moshi kwa kusukuma kama jiko la kuni, ondoka.

Mengine kwa haraka. Springi za mbele zitalala kidogo kwa sababu ya uzito. Niliongeza jani moja la springi kila upande. Mkanda wa taimingi badili siku ileile ya kufunga injini, kisha kila kilomita 100,000, usiamini maneno ya muuzaji. Nenda ukaguliwe na trafiki na ubadilishe namba ya injini na cc kwenye kadi TRA mapema, risiti ya injini ukiwa nayo mkononi. Bila hivyo siku ya ajali bima atakuwa na sababu nzuri ya kukukwepa. Na usifikirie kuifunga taabo. Najua utashawishiwa. Injini hii inapumua yenyewe, iache hivyo.

Gharama? Injini yenyewe ilikuwa kama nusu tu ya nilichotumia. Nusu nyingine ilikwenda kwenye vile vitu vidogo vidogo, kwa hiyo kama unapata HZJ75 iliyopinduka, nunua pua nzima (sehemu yote ya mbele) na injini yake, rejeta yake, mauntingi zake za kushikilia injini, waya zake hadi bomba la ekzosi. Inaonekana ghali siku ya kwanza tu.

Sasa Kitonga naipanda na gia namba tatu nikiwa nimepakia. Ulaji wa mafuta umepanda kidogo, kwangu natembea kama kilomita nane kwa lita barabara tambarare. Kushuka ndiko ninakoheshimu zaidi siku hizi, maana gari linabeba zaidi na breki ni zilezile za 1987.

3B usiitupe. Yangu nilimuuzia mkulima wa Pawaga, akaifungia pampu ya maji shambani kwake kwenye mpunga. Nilipita mwezi uliopita, bado inakula oili na bado inanguruma.