Hela kidogo, baiskeli ya mlimani: nichukue ipi?

SWALI: Kaka fundi mambo vipi, nataka kuanza kuendesha baiskeli njia za milimani ila bajeti yangu ndogo. Nimeona moja ina shokapu mbele na nyuma, ingine mbele tu, bei zinalingana kabisa. Nichukue ipi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Chukua ya mbele tu, wala usijiulize mara mbili, maana bei ikiwa ileile shokapu la nyuma limeshakula hela ambayo ingeenda kwenye fremu na breki, na lenyewe linakua la hovyo, linanesanesa tu kila ukikanyaga pedali.

Ukifika dukani anza na fremu, vingine vinabadilishika. Saizi ikukae, hiyo ndo namba moja. Halafu shika lile bomba la mbele chini ya usukani, kama chini ni nene kuliko juu hapo umepata, kwa sababu foku nyingi nzuri za sasa (foku ni ile mikono ya mbele yenye shokapu inayoshika gurudumu) zina shina, yaani kile kipande kinachoingia ndani ya hilo bomba, la inchi 1.5 chini na baadae utaweza kufunga moja ya maana. Breki za diski za mafuta kama hela inafika, za waya nazo zinashika vizuri tu zikifungwa sawa. Gia zisikusumbue, moja mbele na tisa nyuma zinatosha kabisa.

Iliyotumika? Mi naipenda sana hiyo njia, ila bonyeza shokapu uone kama linavuja mafuta, zungusha ringi uone kama imepinda, na pima cheni imelika kiasi gani. Na bakiza hela ya helmeti.