Kabla Hujamchorea Mgombea wa Wadi Nembo

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027, na wanaomezea mate kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, wameshaanza kutafuta watu wa kuwachorea. Nchi ina wadi 1,450, na kila moja ina wagombea wake. Kazi za magavana huenda kwa kampuni kubwa za Nairobi. Hizi za wadi ndizo zitakazokufikia wewe unayeanza, tena kwa ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku: "Niaje, nataka logo kali."

Usimuulize rangi anazopenda. Muulize kwanza anasimama na chama au anasimama huru, kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti.

Mgombea wa chama atakuwa kwenye karatasi ya kura akiwa na picha yake, jina lake na alama ya chama. Ile nembo utakayoikeshea haitakuwepo. Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya mpiga kura aunganishe jina na sura hiyo na chungwa, wilbaro, mwavuli au chochote kile ambacho chama chake kimesajili. Iombe alama hiyo kutoka ofisi ya chama na uiweke vilevile ilivyo. Vijana wengi hupenda kuichora upya iwe ya kisasa. Uzuri wake hausaidii kitu kama mzee akifika kituoni haoni kile alichozoea kukiona kwenye bango.

Mgombea huru ndiye mwenye kazi tamu, na ndiye mwenye masharti. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 32, inamtaka awasilishe alama yake kwa tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi. Tume inaweza kuikataa ikiwa ni ya matusi, ikiwa ni ya mtu au chama kingine, au ikifanana nayo mno. Neno "mno" hapo ndilo la kuogopa. Mteja akikwambia anataka mpira wa kikapu kwa sababu aliwahi kuchezea timu ya kaunti, uchore, uuchape mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kisha uutazame kutoka upande wa pili wa chumba. Ni chungwa. Nembo ya taifa pia usiiguse, ina sheria yake.

Ukishavuka hapo, jambo linalobeba mengine yote ni hili: alama ya uchaguzi hutajwa mara nyingi kuliko inavyoonekana. Hutajwa kwenye kipaza sauti juu ya gari, msibani, kwenye foleni ya maji, na kwa nyanya asiyesoma anayeelekezwa na mjukuu wake. Kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005 ilikuwa na ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Hakuna aliyesifu michoro ile, lakini nchi nzima ilijigawa ikisema mimi wa ndizi, mimi wa chungwa. Chungwa lilishinda, na chama kikazaliwa na jina lake. Tanzania mwaka 1965 wagombea walipewa jembe au nyumba, vitu viwili ambavyo kila mwenye macho anavijua.

Kwa hiyo kabla hujampelekea mteja chochote, chapa mchoro kwa rangi nyeusi tu, mdogo, upeleke kwa mama anayeuza mahamri hapo mtaani.

"Mama, hii ni nini?"

"Si taa hii?"

Wewe ulichora mnara wa maarifa wenye kurasa za kitabu. Basi una taa. Aidha uichore iwe taa kamili au urudi mezani. Usibaki ukimfafanulia mama, maana siku ya kura hutakuwepo kumfafanulia mtu.

Mahali penyewe pana tafsiri zake. Fahali kule Ikolomani, kwenye mapigano ya mafahali, ni heshima tupu. Pwani jahazi linaeleweka bila maelezo. Jerikeni kwenye wadi yenye shida ya maji inanitatiza: wengine huiona ahadi, wengine huiona dhihaka. Mimi ningempa bomba linalotiririka.

Sasa tisheti. Uchapaji wa skrini unataka skrini yake kwa kila rangi, na kila skrini ni pesa. Rangi zinazofifia taratibu, zinazopendeza sana kwenye kompyuta yako, hugeuka madoa kwenye tisheti nyepesi ya bei ya chini. Mistari myembamba huzibwa na wino, na tundu dogo la herufi "e" hujaa likawa nukta. Chora kwa rangi moja, mbili zikizidi. Hakikisha pia mchoro unaweza kukatwa kwenye karatasi ngumu na kupulizwa rangi ukutani, kwa sababu vijana wake watafanya hivyo hata usipowaambia. Mgongo wa jaketi la bodaboda ndio bango lake bora. Jina moja kubwa na alama, basi. Kauli mbiu ya maneno tisa haisomwi na mtu anayepitwa na pikipiki.

Mheshimiwa (utamwita hivyo hata kabla hajashinda, zoea) haamui peke yake. Kuna shemeji, kuna mfadhili, kuna kijana wa grupu la WhatsApp. Kubalianeni mapema ni nani mmoja atakayesema "sawa, chapa", na aiseme kwa maandishi. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu nyingine kabla ya kutoa faili la mwisho. Baada ya kura, aliyeshindwa hana pesa na aliyeshinda hapokei simu. Sampuli unazotuma ziwe ndogo na zenye maandishi katikati, ingawa nimeshaona bango limetundikwa na neno SAMPULI likiwa limekaa palepale kifuani.

Mwisho, tenga alama ya chama na nembo yake binafsi kwenye faili, zisishikane. Mchujo wa chama ukimwangusha anaweza kuamua kusimama huru, mradi awe ameacha uanachama miezi mitatu kabla ya uchaguzi kama Katiba inavyotaka. Atakupigia akitaka kila kitu kibadilishwe kufikia kesho. Hiyo itoze kama kazi mpya.