Usimsugue pua mtoto wa mbwa kwenye mkojo wake

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mtoto wa mbwa wa wiki tisa. Nikimtoa nje anacheza tu, tukirudi ndani anakojoa kwenye zulia. Nimeshauriwa nimsugue pua kwenye mkojo ili akome. Nimefanya hivyo siku nne, na sasa anajificha nyuma ya kochi kukojoa. Ni kiburi?

JIBU: Marahaba. Si kiburi, na tafadhali acha kumsugua pua leo hii.

Anajificha kwa sababu amejifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Ndiyo maana hata nje, ukiwa umemsimamia, anabana mkojo mpaka umpe kisogo. Kumbe dawa uliyopewa ndiyo inayokuongezea ugonjwa.

Utaniambia, "Lakini anajua kosa, anainamisha masikio." Kila wiki naambiwa hivyo. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lililoonyesha kuwa mbwa huweka sura hiyo ya "nimekosa" anapokaripiwa, hata kama hakufanya lolote. Anachosoma ni uso wako. Mkojo wa dakika kumi zilizopita hauhusishi kabisa na hasira yako.

Mtoe akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na katikati ya hapo kila saa moja hivi. Mpeleke sehemu ileile, simama kimya, michezo ije baadaye. Akimaliza, mpe kitu kitamu palepale kabla hajapiga hatua ya pili. Ukisubiri mpaka mlangoni, atadhani umemtuza kwa kuingia ndani. Zulia lisafishe kwa sabuni yenye vimeng'enya (vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo), usitumie yenye amonia, maana harufu yake inamkumbusha mkojo. Akikojoa matone matone kila mara, akijikamua, au ukiona damu, huo ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kinachoniumiza ni hawa wanaojiita wakufunzi na kuuza njia za mkato: mpige kwa gazeti, mfungie, mnyime maji kutwa. Niliwahi kuletewa mbwa mmoja wa miezi mitano, "mkaidi". Mwenye naye aliinua mkono kujikuna kichwa tu, yule mbwa akalala chali mezani kwangu na kujikojolea. Hakuwa na maradhi yoyote. Alikuwa amepigwa kwa gazeti tangu wiki ya kwanza, kwa ushauri uliolipiwa. Ilituchukua miezi kumrudisha, na mpaka leo mkono ukiinuka ghafla anatetemeka.

Na hilo la kunyima maji ni baya kuliko yote. Mwili wa mtoto wa mbwa ni mdogo, hukaukiwa upesi, na akianza kuharisha au kutapika katika hali hiyo anaweza kufa ndani ya siku moja. Maji safi yawepo mchana kutwa. Atakayekuambia uyaondoe ili zulia likauke, usimlipe, na usimkabidhi mbwa wako.