Maswali ya Wasomaji: Kanzu imeungua, sura hazionekani

SWALI: Kaka habari za kazi. Napiga picha za harusi hapa Bagamoyo, nina Nikon niliyonunua used. Juzi nilikuwa beach na familia, bwana harusi kanzu nyeupe, mama zake wamevaa mabuibui meusi. Picha ya kwanza watu wote giza, nikasogea nikajaza mabuibui kwenye fremu kanzu ikaungua kabisa, yaani ikatoka nyeupe tupu, na jua ni lile lile! Jamaa akaniambia niwe naloki eksposha (kiasi cha mwanga wa picha), nikabonyeza kitufe cha AE-L nikiwa kwenye M, ile ya kupanga mwenyewe, hamna kilichobadilika. Kamera imekufa?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kamera yako nzima, usimpelekee fundi.

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui kanzu wala buibui, yenyewe inaona mwanga tu na inataka kila kitu kitoke kijivu cha kati, kile wanachokiita asilimia 18. Ukijaza mchanga mweupe na bahari inayong'aa inasema hapa mwanga mwingi, inapunguza, sura zinakuwa nyeusi. Ukijaza buibui inasema hapa giza, inaongeza, kanzu inaungua hata mishono ya kifuani huioni tena. Ndo maana ulisogea hatua mbili tu na picha ikageuka.

Kuloki maana yake unaiambia kamera kipimo nilichochukua hapa kikae hivyo hivyo hata nikigeuka. Sasa kwenye M wewe mwenyewe ndo umeshapanga shata (muda wa kuingiza mwanga), apecha (tundu la lenzi) na aiso (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), hakuna cha kuloki, labda aiso iwe oto, kamera ijipangie. Loki inafanya kazi kwenye P ambapo kamera inapanga shata na apecha, A ambapo wewe unapanga apecha na S ambapo unapanga shata (kwenye Canon hizo mbili za mwisho zimeandikwa Av na Tv na kitufe chake kina alama ya nyota).

Kwa familia imesimama mimi ningeweka A, apecha f/8 ili mstari wa nyuma nao uwe shapu. Halafu tafuta kitu cha rangi ya kati kilichopigwa na jua lile lile walilosimama watu, majani mabichi yanafaa sana, na ukienda magofu ya Kaole zile kuta za mawe ya matumbawe zinafaa pia. Jaza fremu, loki, rudi kwa watu, piga. Wengi wanapima usoni na ni sawa, ila sura ya mtu mweusi tii kamera itaipausha, kwa hiyo punguza kama theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili) kabla hujaloki, ngozi yake itoke kama ilivyo, hili tafadhali lizingatie maana watu wetu wanapaushwa sana kwenye picha na inaniuma.

Angalia na hiki: kwenye Nikon nyingi kitufe cha AE-L/AF-L kinaloki na fokasi pamoja. Ukipimia majani yaliyo mita moja halafu ukageukia watu walio mita tano, mwanga utakuwa safi na watu wote ukungu. Ingia kwenye menyu kibadilishe kiwe cha kuloki eksposha peke yake, na ukishikilie mpaka umalize kupiga.

S iweke kwa vitu vinavyokwenda, ngalawa zikiingia soko la samaki au watoto wakikimbia, anzia shata ya 1/500 ya sekunde. M itumie mkikaa sehemu moja muda mrefu na jua halibadiliki, hapo ukishapata kipimo kizuri husumbuki tena na kanzu wala buibui.

Halafu saa. Asubuhi jua letu linatokea baharini, ukiwasimamisha watu mgongo baharini sura zinakuwa kivulini. Saa kumi na moja jioni jua linatoka upande wa mji linawapiga usoni, kazi inakuwa nyepesi, ila wingu likipita tu achia loki upime tena.