Kabla hujakiita eksosomu, jua kimezaliwa wapi

Mdogo wangu unayeanza uzamili na kupewa mada ya eksosomu, ukilitafuta jina hilo kwenye intaneti utakutana na makala zisizokuhusu kabisa. Kuna eksosomu nyingine, mtambo wa protini unaosaga RNA ndani ya seli, nayo hujaiomba. Ya kwako ni vijifuko vya utando, upana wake nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvimwaga nje.

Nakusihi uanze na chembe nyekundu ya damu inayokomaa. Ikiwa bado changa huwa imejaa vipokezi vya transferini, vinavyoiingizia madini ya chuma. Ikikomaa haivihitaji tena. Mwaka 1983 makundi mawili, moja la Marekani lililotumia chembe za panya na jingine la Kanada lililotumia za kondoo, yalifuatilia vipokezi hivyo vinaishia wapi. Vinamezwa hadi kwenye endosomu, kifuko cha ndani ya seli kinachopokea vitu vilivyomezwa. Utando wa endosomu unabonyea kuelekea ndani na kukatika vipande vipande, mpaka endosomu inafanana na papai lililojaa mbegu. Kisha papai zima linaungana na utando wa nje wa seli, na mbegu zinamwagika. Rose Johnstone na wenzake wa Montréal walizipa jina la eksosomu mwaka 1987. Mimi nilimaliza muhula mzima kwenye makala za mikroRNA (RNA fupi zinazosafirishwa na vijifuko) kabla ya kurudi kwenye kazi ile ya kondoo, na muhula ule ninaujutia, kwa sababu hatua zote zimo mle.

Ichore njia hiyo kwa mkono wako, na umchore kipokezi mmoja akiwa na kichwa na mkia. Juu ya seli kichwa kinatazama nje na mkia uko kwenye saitoplazimu, ujiuji wa ndani ya seli. Fuata hatua zote polepole. Mwishoni, juu ya kijifuko, kichwa kitakuwa kinatazama nje tena na tone la saitoplazimu litakuwa limefungiwa ndani. Mchoro ukikutoka kinyume, rudia, maana jaribio lolote la kuuliza kama mzigo uko ndani au umenata nje linategemea hapo. Kwa RNA ni muhimu zaidi: usiseme imepakiwa mpaka uvitie vijifuko kimeng'enya cha kula protini, kisha cha kula RNA, na uone kinachosalia.

Sasa upakiaji wenyewe. Vitabu vitakufundisha ESCRT, makundi ya protini yanayofanya kazi kwa kupokezana, na ni sawa: protini iliyobandikwa alama ya ubikuitini inakamatwa na HRS, inapokelewa na kundi la TSG101, halafu ESCRT-III inajizungusha kwenye shingo ya kifuko na kuikata, na VPS4 inatumia ATP, nishati ya seli, kuvifungua vipande hivyo vitumike tena. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walionyesha, kwenye seli za ubongo zinazotengeneza mielini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva), kwamba protini ya PLP inatoka bila kuitegemea ESCRT. Inategemea seramide, mafuta ambayo umbo lake husaidia utando kubonyea. Mwaka 2012 ikaonekana njia ya protini za sindekani, sintenini na ALIX, inayoazima sehemu tu ya ESCRT. Kwenye seli za rangi ya ngozi, CD63, protini ya utando, ndiyo inayoipanga protini ya PMEL ndani ya vijifuko. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana njia ipi ndiyo ya kweli, waulize wanazungumzia mzigo gani, na katika seli gani.

Na si kila papai linafika nje. Mengine yanapelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enya taka, na kuyeyushwa. Ukiizuia lisosomu kwa dawa ya bafilomaisini, vijifuko vinaweza kuongezeka nje ingawa hukugusa utengenezaji wake. Vivyo hivyo ukizima jeni na vijifuko vikapungua, usikimbilie kusema jeni hiyo inavitengeneza. Rudi kwenye hadubini uangalie endosomu zenyewe. Mwaka 2010, katika seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara), kuzima jeni ya Rab27a kulifanya endosomu zivimbe, na kuzima ndugu yake Rab27b kukazisogeza karibu na kiini. Utoaji ulipungua mara zote mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Kosa langu kubwa lilikuwa seramu. Nilikuza seli kwenye midia (maji ya virutubisho) yenye seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama, nikaikusanya midia, nikahesabu chembe, nikafurahia idadi. Baada ya miezi mitatu mwenzangu aliniomba nizungushe kwenye mashine midia tupu, isiyowahi kugusa seli. Idadi ikakaribia kuwa ileile. Nilikuwa nahesabu vijifuko vya ng'ombe. Tangu siku hiyo sampuli ya midia tupu haikosi kwenye kila jaribio langu, nawe usiiache.

CD63 na CD9, protini zinazotumiwa kama alama za eksosomu, zisikudanganye pia. CD9 hutoka sana na vijifuko vinavyochipuka moja kwa moja kwenye utando wa nje, bila kupita endosomu. Kama hujathibitisha kimezaliwa wapi, andika "kijifuko cha nje ya seli" na usione haya. Na bloti ya CD63 (kipimo cha kuionyesha protini kwa kingamwili) ikitoka tupu, usitupe sampuli. Kingamwili nyingi za CD63 zinaitambua ikiwa bado imejikunja, kwa hiyo andaa sampuli bila DTT, kemikali inayovunja vifungo vinavyoishikilia protini katika umbo lake. Tarajia wingu pana, si mstari mmoja, kwa sababu protini hiyo imebeba sukari nyingi.

Ukifika kwenye mzunguko wa mashine wa 100,000 g (mara laki moja ya nguvu ya mvutano wa dunia), unaoteremsha vijifuko chini, weka alama ya kalamu nje ya neli, upande ambao mashapo yatakaa. Mara nyingi hutayaona kwa macho. Mwaga maji ya juu taratibu, kisha oshea palepale penye alama kwa matone machache ya bafa, juu chini, mara ishirini, bila kutoa povu.