Sakafu ya mbao yenye baridi: matundu ya uvungu usiyazibe

Umesema nyumba mliyohamia Kilimani, Nairobi, ni ya zamani, sakafu ni ya mbao iliyoinuliwa juu ya uvungu, na mtoto hakanyagi chini asubuhi bila soksi. Fundi naye amekushauri uyazibe kwa simiti yale matundu ya hewa yaliyo chini ya ukuta. Tafadhali usimkubalie. Mimi wangu nilimkubalia.

Ilikuwa Julai, na Julai yetu mnaijua: jua halionekani siku nzima, usiku nyuzi 11 au 12, upepo unapenya kwenye nyufa za mbao mpaka zulia linainuka pembeni. Tulipoziba, baridi ilipungua kweli, nikamsifu fundi kwa majirani. Masika ilipofika, nyumba ikaanza kunuka kama gunia bichi. Mwezi wa sita mguu mmoja wa friji ukazama. Ubao ulikuwa umeoza, na boriti iliyoubeba ukiichoma kwa bisibisi inaingia kama keki.

Udongo wa uvunguni hutoa unyevu hata usipouona, na huu udongo wetu mweusi hushika maji muda mrefu. Matundu ndiyo yanayoutoa nje. Ukiyafunga, unyevu unapanda kwenye mbao.

Basi tukayafungua, tukaweka wavu mdogo kuzuia panya. Udongo wote tukaufunika kwa nailoni nzito ya geji 1000, vipande vikipandiana kama sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe. Kazi hiyo ni ya kutambaa kwa tumbo. Nilimlipa kijana mwembamba, mimi nikashika tochi, wala sioni haya kusema.

Kabla ya kununua kihami chochote, yaani kitu cha kuzuia baridi, ziba nyufa za sakafu kutoka juu, maana kwetu nusu ya baridi ilikuwa upepo tu. Nyufa nyembamba tulijaza vumbi la msumeno na gundi ya mbao. Zile pana tukachomeka vijiti vilivyopakwa gundi upande mmoja pekee, ili mbao zipate kutanuka na kusinyaa.

Baada ya hapo ndipo tukaweka polistairini, lile povu gumu la plastiki, ya milimita 50 kati ya boriti, imebanwa kabisa chini ya mbao na kushikiliwa na vipande vya ubao. Ukiacha nafasi hapo katikati, upepo unapita juu yake na pesa yako imekwenda bure. Nyaya za umeme zisiiguse, kwa sababu polistairini hufanya plastiki ya waya kuwa ngumu na kupasuka. Zipitishe kwenye bomba lake. Ukutani acha upana wa kiganja wazi pande zote, uweze kuona njia za mchwa. Pamba ya kioo pia inafaa, ila bila wavu wa kuku wa kuishikilia huporomoka, na panya wataishukuru.

Ndara bado navaa Julai, lakini zulia limetulia.

Subiri Januari au Februari uvungu ukiwa mkavu. Na kabla ya yote, inua ubao mmoja karibu na sinki. Udongo ukiwa umelowa ilhali mvua haijanyesha, mwite fundi wa bomba kwanza. Kwetu bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka, nasi tulikuwa tukilaumu masika.