Vidoa vya kahawia nyuma ya majani ya kangaga

SWALI: Nauza maua ya vyungu Tengeru, Arusha. Makangaga yangu yana vidoa vya kahawia nyuma ya majani, ukivigusa unabaki na unga kidoleni. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili, havitoki. Jirani anasema kangaga halichanui wala halizai mbegu, basi nalo ni jamii ya uyoga. Ni kweli?

JIBU: Acha kupiga dawa. Hivyo ni vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi wa kangaga lenyewe. Angalia vilivyopangika: safu mbili, moja kila upande wa mshipa wa kati, na kila kijijani cha jani kinafanana na mwenzake. Kutu ya kahawa, ambayo ni kuvu hasa, hutapakaa ovyo; unga wake una rangi ya chungwa, na upande wa juu wa jani hutokea doa la njano. Vidoa vikipanda hadi kwenye vikonyo na majani yakanata, hao ni wadudu magamba.

Jirani kachanganywa na spora, maana uyoga nao hutoa spora. Lakini kangaga lina klorofili (rangi ya kijani ya kutengenezea chakula), mizizi, na mishipa ya kupandisha maji; bila mishipa hiyo makangaga-miti ya msitu wa Kilimanjaro yasingerefuka mita kadhaa. Kuvu, uyoga ukiwamo, hunyonya chakula kilichotengenezwa na wengine, na kuta za seli zake zina dutu ngumu iitwayo kitini, kama gamba la mende. Kwa ukoo, uyoga uko karibu na sisi kuliko na kangaga.

Mimea ya maua imelizidi kangaga kwa mbegu. Harage lina kiinitete na akiba ya chakula. Spora ni seli moja tu. Ikiota hutoa kibamba cha kijani chenye umbo la moyo, aghalabu chini ya sentimita 1, na hapo mbegu za kiume huogelea kulifuata yai. Pakikauka, hakuna kangaga jipya.

Ukitaka kuotesha, laza jani juu ya karatasi nyeupe, vidoa chini, siku moja au mbili. Inamisha karatasi uigonge kidogo: maganda ya vifuko yatateleza, unga mwembamba utabaki. Maganda yakiingia chunguni ndiyo huleta ukungu. Mwagia mboji maji yanayochemka, ipoe, nyunyizia unga juu bila kuufukia, funika kwa nailoni, weka kivulini. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani. Wengi huudhania mwani wakautupa. Vibamba vikitokea, vinyunyizie maji yaliyochemshwa yakapoa.

Kama lako ni lile la kuning'inizwa linalotoa nyuzi za kutambaa, achana na spora. Kata vichipukizi vilivyoshika mizizi kwenye hizo nyuzi, upande.